Maoni Yetu: Mganga akitoka, nani amebaki?

Zahanati yenye watumishi wawili ikimpeleka mmoja semina Songea, imebaki nusu. Muuguzi aliyeachwa akiitwa chumba cha kujifungulia, hata hiyo nusu imekwisha, na waliokaa benchi la nje tangu saa moja asubuhi watakaa mpaka mtoto azaliwe, au mpaka wakate tamaa waende kununua vidonge kwa kukisia. Hesabu hii haihitaji mtaalamu. Inahitaji mtu wa kuipiga kabla barua ya wito haijagongwa muhuri, na sisi tunaona kwamba katika halmashauri zetu tatu, Mji wa Mbinga, Wilaya ya Mbinga na Wilaya ya Nyasa, kazi hiyo haina mwenyewe.

Tunaandika kuhusu waganga na kazi zao za nje. Kwa kawaida habari hii huanzia kwenye duka la dawa la mganga na kliniki yake ya jioni, ikaishia hapo hapo kwa kelele. Duka tutalifikia, wala hatutalionea haya. Lakini kliniki ya jioni ni ya jioni. Mchana, saa ambazo mama amefika na mtoto mgongoni na kadi ya kliniki mkononi, anayemtoa mganga kituoni mara nyingi ni mwajiri wake mwenyewe.

Mtazame mganga mfawidhi wa zahanati ya kijiji. Amesomea kupima, kuandika dawa, kushona jeraha na kujua nani hawezi kusubiri na lazima apewe rufaa leo. Akifika kituoni anakuta kazi ambazo hakuzisomea. Kuna vitabu vya takwimu za huduma, vya MTUHA: namba 5 cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto, namba 12 cha wazazi, na vingine pembeni, vyote vikitaka mistari ijazwe na jumla ipigwe mwisho wa mwezi. Pita zahanati siku hizo utamkuta ameinamia rula, anahesabu vijiti, na mgonjwa aliye mbele yake anaulizwa dalili bila kutazamwa usoni.

Kuna fedha. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo badala ya kukaa halmashauri. Ulikuwa uamuzi mzuri, maana zahanati inaweza kununua sabuni na glavu bila kumpigia mtu magoti. Ila akaunti haijiendeshi. Inataka hati za malipo, risiti, kuingiza hesabu kwenye mfumo wa kompyuta, vikao vya kamati ya usimamizi wa kituo, na watu wa kwenda kusaini benki. Benki iko mjini. Hivyo tabibu aliyefundishwa kusikiliza kifua amegeuka mhasibu, na safari ya benki humla siku nzima: pikipiki, foleni, mtandao umekatika, njoo baada ya saa nane. Huku nyuma analetwa mtoto ana degedege.

Kuna ujenzi. Kijiji kikipata fedha za wodi ya wazazi au nyumba ya mtumishi kwa utaratibu wa fosi akaunti, mfawidhi huingizwa kwenye kamati, akahesabu mifuko ya saruji na kusimama juani kokoto zikishushwa. Kuna kampeni za chanjo. Kuna Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kuna ziara ya kiongozi, ambapo watumishi hupangwa mstari tangu saa tatu kungoja msafara utakaofika saa nane. Hii ya mwisho ifutwe leo. Haihitaji bajeti wala kikao.

Mshika mbili, wanasema, moja humponyoka. Huyu ameshikishwa sita, tena kwa barua.

Kisha semina. Semina ina jambo lake, nalo ni posho, na tukiacha kulitaja tutakuwa tunazunguka mbuyu. Posho ya siku nne za kulala nje yaweza kumlipia mtu ada ya mtoto, au mbolea ya kahawa kwa msimu mzima. Nani ataikataa? Hatumlaumu mtu anayekwenda alikoitwa rasmi. Tunamwuliza aliyemwita. Hayati Rais John Magufuli alipoingia madarakani mwishoni mwa 2015 alifyeka safari za nje na mikutano ya hotelini, na kwa muda watu walionekana ofisini. Semina hazikufa. Zilijificha kidogo, zikabadili majina kuwa kikao kazi, mafunzo rejea, warsha ya kupitisha taarifa, zikarudi.

Na hapa kwetu sababu moja kubwa ya kulala nje imeondoka. Zamani kutoka Mbamba Bay kupanda milima ya Umatengo mpaka Mbinga wakati wa masika ilikuwa safari ya kuaga nyumbani. Sasa kuna lami, kama kilometa 66, na kutoka Mbinga hadi Songea ni lami vilevile. Mtu wa Mbamba Bay anaweza kuhudhuria kikao cha Mbinga na kurudi akala chakula cha jioni kwake. Anayetoka vijiji vilivyo mbali na lami ana hoja, na apewe haki yake. Lakini kikao cha saa nne kinachogeuzwa cha siku tatu ili posho itoshe, hicho kinalipwa na mgonjwa aliyekuta mlango umefungwa.

Tazama jambo dogo, la ufunguo. Katika zahanati ndogo ufunguo wa kabati la dawa hukaa mfukoni mwa mfawidhi, kwa sababu kopo likipungua ndiye atakayeulizwa. Akiitwa ghafla, akadandia gari la halmashauri lililopita na haraka zake, ufunguo umesafiri naye. Muuguzi aliyebaki anaziona dawa za malaria kupitia kioo cha kabati, na kando ya Ziwa Nyasa malaria haingoji mtu arudi semina. Dawa zipo, mtumishi yupo, tiba hakuna. Ufunguo wa pili, wenye kusainiwa daftarini, unagharimu chini ya soda chache. Kituo chochote kinachosubiri mwongozo kutoka juu ili kuuchonga kinatafuta kisingizio.

Au chukua rufaa. Mfumo wa m-mama, namba 115, umerahisisha kumpata dereva wa kumkimbiza mzazi aliyepata shida. Mwera ukivuma, bahari hii yetu ya maji baridi haipitiki kwa mtumbwi, kwa hiyo gari ndiyo roho ya mtu. Lakini namba 115 haiwezi kujua kwamba mama anavuja damu kupita kiasi. Lazima awepo mtu wa kumtazama, kumtundikia dripu na kupiga simu mapema. Na huko anakopelekwa lazima awepo wa kumfungua. Daktari wa upasuaji akiwa kwenye kikao cha bajeti na simu yake imezimwa kwa heshima ya mwenyekiti, gari limewahi kufika bure.

Tusieleweke vibaya. Hatudai mganga afungiwe chumbani. Zipo kazi za nje ambazo ni tiba yenyewe. Huduma ya mkoba, muuguzi akibeba kibebeo cha chanjo kwenda kitongoji ambacho akina mama wake hawawezi kushuka mlima kila mwezi, hiyo ni kliniki iliyohama kwa siku moja. Usimamizi shirikishi, pale timu ya afya ya wilaya inapokuja kukaa na mtumishi na kumwonesha makosa yake bila kumfokea, unafaa kuliko waraka kumi. Mafunzo nayo si starehe: Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa sheria ya 2017 ya wanataaluma wa afya, linamtaka daktari aendelee kujifunza ili leseni yake ihuishwe, na wauguzi wana baraza lao lenye masharti yake. Mganga aliyekaa miaka kumi bila kufundishwa jipya anatibu kwa vitabu vya zamani, na hatari yake haionekani kwa macho. Wapo pia wanaokwenda kufundisha vyuoni, Peramiho na Songea. Wakiacha, kesho hatutakuwa na wauguzi wa kulalamikia.

Historia ya ziwa hili inatupa mfano ambao hauegemei upande mmoja. Dakta Robert Howard wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alifika Nyasa mwaka 1899. Kwa miaka alikuwa daktari wa eneo kubwa kupita akili, pwani za pande zote mbili, makao yakiwa kisiwani Likoma. Meli ya misheni, Chauncy Maples, iliyoshushwa majini mwaka 1901, ilibeba mapadri, walimu, wanafunzi na tiba kwa pamoja. Kwa kijiji chochote cha ufukweni, maana yake ilikuwa kwamba daktari hayupo siku nyingi kuliko alizopo. Kazi ilibaki kwa wauguzi na wasaidizi waliokuwa vituoni. Ungesema huyo ni daktari aliyetawanywa mpaka akaisha.

Lakini kazi yake ya nje iliyobaki na jina ni ya kalamu. Mwaka 1904 alitoa taarifa juu ya afya ya wamisionari wa dayosisi ya Likoma, waliokuwa wakifa na kurudishwa kwao kwa wingi, akasukuma kinga ya malaria na nyumba zinazofaa kuishi watu. Saa alizokaa kuandika hakuwa anamtibu mtu, na huenda ziliokoa wengi kuliko ambao angewaokoa kitandani. Ni kweli pia kwamba waliohesabiwa kwenye taarifa ile ni wageni, si wenyeji waliokuwa wakiugua homa hiyo hiyo kwa wingi zaidi. Urithi wa Kianglikana tunao mpaka leo Liuli, hospitali ya Mtakatifu Anna, kama Wakatoliki walivyo na Litembo milimani. Na hospitali za namna hiyo, mahali popote nchini, humfanya daktari wake mkuu kuwa pia mwandishi wa barua kwa wafadhili, msimamizi wa jenereta na mpatanishi wa watumishi. Asipoandika barua, dawa hakuna. Akiandika barua zote, mgonjwa hana daktari.

Kwa hiyo swali la kuuliza si kama kazi ya nje ni nzuri au mbaya. Swali ni kama aliyebaki kituoni anajulikana, ana ufunguo, ana uwezo wa kazi iliyoachwa, na analipwa kwa kuibeba. Wito ukishindwa swali hilo, usubiri, hata kama umetoka wizarani.

Sasa duka.

Taifa hili limejaribu njia zote mbili. Azimio la Arusha la 1967 lilikataza kiongozi kupokea mishahara miwili au zaidi, na mtumishi wa serikali wa ngazi ya kati na ya juu alihesabiwa humo. Sheria ya hospitali binafsi ya 1977 ikapiga marufuku mtu mmoja mmoja kufanya tiba ya biashara. Hospitali za dini zikaendelea, ndiyo maana Litembo, Liuli na Peramiho hazikuzima taa. Uchumi wa miaka ya themanini ulipobana, mshahara ukawa hautoshi hata wiki mbili, na daktari aliyekatazwa mchana alipokea wagonjwa sebuleni usiku. Kila mtu alijua. Mwaka 1991 mlango ulifunguliwa mara mbili: CCM ililegeza miiko ya uongozi kwa Azimio la Zanzibar, na sheria ya hospitali ikarekebishwa kuruhusu tena tiba binafsi. Zama za Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa. Tulitoka marufuku tukaingia ruksa, na katikati yake hatukuweka utaratibu wowote wa kumwona mtu mmoja akiwa na kazi mbili.

Wala si aibu yetu peke yetu. Uingereza ilipoanzisha tiba ya umma mwaka 1948, Waziri wa Afya Aneurin Bevan ilimbidi awaachie madaktari bingwa wabaki na wagonjwa wao wa kulipa, la sivyo wasingeingia. Muhimbili nayo ilichagua kuwa na kliniki za malipo ndani ya hospitali yenyewe, ili bingwa asiikimbie saa nane kwenda mjini.

Mkoa wetu una historia yake katika hili. Mwaka 2003 Ruvuma ilikuwa ya kwanza nchini kujaribiwa Duka la Dawa Muhimu, mpango uliokuja kuchukua nafasi ya yale maduka ya dawa baridi na baadaye ukaenea Tanzania nzima. Wauzaji walipewa mafunzo, maduka yakakaguliwa, na orodha ya dawa zinazoruhusiwa ikapanuliwa kwa sababu vijijini hakukuwa na famasi. Ulikuwa mpango wa maana. Lakini sifa ya kuuza dawa humo ilimtaka mtu mwenye msingi wa afya, kama muuguzi msaidizi, na watu hao kijijini si wengi. Ni wale wale wa zahanati, au ndugu zao. Duka likawa karibu mno na kituo, kwa mguu na kwa ukoo.

Hatutasema mganga asiwe na duka. Katika vijiji kadhaa vya ufukweni, duka hilo likifungwa hakuna lingine, na mtoto mwenye homa usiku wa manane hana habari na maadili ya utumishi. Tunasema hivi: anayeandika dawa asiwe na faida kwenye dawa anayoiandika. Mganga anayesema kabati ni tupu kisha anamwelekeza mgonjwa dukani kwake ana mahakimu wawili tumboni, na mgonjwa hawezi kujua ni yupi aliyesema. Duka lake liwe nje ya eneo linalohudumiwa na kituo chake. Jina la mke, shemeji au mtoto kwenye leseni lisibadili kitu. Kijijini hapa tunajuana. Umiliki uandikwe kwenye daftari linaloonwa na kamati ya kituo, na Baraza la Famasi lipewe nakala. Kidonge chenye GOT, alama ya dawa za serikali, kikikutwa kwenye rafu ya duka, hilo si suala la kusawazisha kazi mbili. Ni wizi, na ofisi yake ni polisi.

Kliniki ya jioni ina sura nyingine, na kwa hiyo sisi ni wapole zaidi. Daktari aliyemaliza zamu yake saa tisa na nusu na kwenda kutibu kwa malipo mpaka saa mbili usiku ameongeza saa za tiba wilayani, hajazipunguza. Anapopunguza ni pale anapoanza kutoka saa saba, au anapochoka usiku akaja asubuhi kuning'inia, au anapomwambia mgonjwa wa hernia kwamba chumba cha upasuaji kimejaa mpaka mwezi ujao, ila jioni kuna nafasi. Msimu wa kahawa, fedha zikiwa mkononi mwa watu, kishawishi kinakuwa kikubwa. Dawa yake tunaiona kwenye kliniki ya malipo ndani ya hospitali ya serikali, baada ya saa za kazi, yenye stakabadhi, ambamo hospitali inachukua sehemu yake. Tunajua inavyoweza kuharibika: foleni mbili, ya benchi na ya kiti cha mto, na daktari anayeweka nguvu zake akiba kwa ajili ya foleni ya pili. Kwa hiyo idadi ya wagonjwa aliowaona asubuhi ibandikwe kando ya ile ya jioni. Atakayeona haya tutamjua.

Kuna wengine ambao kazi yao ya nje imemeza ile ya ndani kabisa. Mganga Mkuu wa Wilaya ni daktari aliyesomeshwa miaka mingi kwa fedha nyingi, akafanya vizuri, akapandishwa cheo, na tangu hapo mkono wake umegusa mafaili. Hatumwonei, ofisi ile ingemmeza yeyote. Lakini katika wilaya yenye madaktari wachache, nusu siku kwa wiki wodini, siku ile ile, saa zile zile, ingetufaa kwa namna mbili. Angepunguza foleni, na angeona kwa macho yake barua zake za wito zinafanya nini. Mkono usioshika kisu unasahau, na kwa daktari mpasuaji hasara hiyo ni ya haraka kuliko anavyokubali mwenyewe. Vikao vya halmashauri vimzunguke daktari huyo nusu siku hiyo. Vimezoea kumsubiri Mkurugenzi, vitazoea.

Kambi za madaktari bingwa wa Rais Samia, zilizoanza kuzunguka hospitali za halmashauri mwaka 2024, tunazipongeza. Mtu wa Nyasa aliyeonwa na bingwa bila kusafiri hadi Dar es Salaam amepata kitu cha kweli. Ila bingwa anapokuja huku, huko alikotoka kuna wodi. Na akiondoka siku ya mwisho, aliyefanyiwa upasuaji bado ana mshono. Ratiba ya kambi ikitangazwa kwa vipaza sauti, itangazwe na ya baada ya kambi: nani atawaona wagonjwa hawa wiki ijayo, na kama yumo kwenye semina wiki hiyo.

Basi tunadai nini? Kwanza, kituo chenye watumishi chini ya wanne kisitolewe mtumishi zaidi ya mmoja kwa siku moja, na wa zahanati ya watu wawili asiitwe mpaka aliyetumwa kuziba nafasi yake amefika, si ameahidiwa. Halmashauri ina orodha ya watumishi, ina gari, ina simu. Idara ya afya, miradi ya wafadhili na ofisi ya mkoa zipeleke wito wao kwa mtu mmoja mwenye kalenda moja, na mtu huyo awe na mamlaka ya kukataa. Bila mamlaka hayo ataishia kuwa tarishi.

Kazi za kalamu ziondolewe kwa tabibu. Kata moja inaweza kuwa na msaidizi wa hesabu anayezunguka zahanati tatu au nne, akaenda benki yeye, akafunga vitabu yeye. Vijana waliomaliza kidato cha sita na vyuo vya uhasibu wako mitaani Mbinga wanauza vocha. Mafunzo yanayoweza kusomwa kwenye simu yasomwe kwenye simu, na pointi zihesabiwe sawa na za ukumbini. Tunajua nani atapinga hili, na kwa nini: simu haina posho. Ndiyo sababu dai linalofuata ni la fedha.

Anayebaki alipwe. Leo anayekwenda semina analipwa kwa kwenda, na anayebaki kubeba zamu mbili, mchana wa wagonjwa wa nje na usiku wa wazazi, mara nyingi halipwi chochote cha ziada, au anaandikiwa posho ya kuitwa kazini ambayo inakuja baada ya miezi, ikija. Kwa mpangilio huo, mwenye akili timamu atatafuta kuitwa. Tungegeuza: sehemu ya fedha ya kila safari ikatwe mapema na kulipwa aliyeshika kituo, siku ile ile, kwa jina lake. Mwandaaji wa semina ambaye bajeti yake haiwezi kubeba hilo ajue gharama halisi ya semina yake ilikuwa kubwa kuliko alivyoandika.

Na mlangoni pawe na karatasi. Tumeona matangazo ya kila aina kwenye kuta za vituo vyetu: usafi wa mikono, lishe, uzazi wa mpango, namba ya kutoa taarifa za rushwa. Karatasi ya kusema leo nani yupo, nani ametoka, ametoka kwa sababu gani, anarudi lini, na nani ameshika nafasi yake na namba ya simu ya zamu, hiyo ni nadra. Iandikwe kwa kalamu nene, ibandikwe kwa plasta ileile ya vidonda, na ibadilishwe kila asubuhi. Mgonjwa aliyetembea saa mbili ana haki ya kuisoma kabla hajaketi. Mwenyekiti wa kijiji naye aisome, maana yeye ndiye anayemwita mganga mikutanoni kisha analalamika kwamba hayupo.

Mpango Kabambe wa Afya wa kila halmashauri hupita mikononi mwa madiwani kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai. Humo hutajwa mafunzo, usimamizi shirikishi, mafuta ya magari na posho za safari. Diwani wa Liuli, wa Lituhi, wa Litembo na wa kata nyinginezo asinyooshe mkono kupitisha kabla hajaoneshwa ukurasa wenye fedha za anayebaki.